Sauti za Herufi na Picha za Simu

Ndugu mwanakisomo, somo la leo linahusu mtoto, simu na herufi. Ni somo la wazazi, na pia la bibi na babu wanaolea wajukuu. Someni polepole. Mkiwa darasani, mmoja asome kwa sauti na wengine wafuate kwa kidole. Mahali mtakapoona herufi imeandikwa peke yake, msitaje jina lake. Toeni sauti yake. Sababu mtaiona mbele kidogo.

Wimbo wa mtoto

Siku moja jioni nilitembelea darasa la kisomo hapa Chitete. Wanakisomo walikuwa wamemaliza kuandika na wanakung'uta vumbi la chaki. Mama mmoja alikuwa amekuja na binti yake wa miaka mitano. Baada ya mavuno, baba wa mtoto huyo alikuwa ameuza magunia ya mahindi, akanunua simu ya kupangusa kule Tunduma. Kijana wa kibanda cha simu aliwajazia katuni za watoto kwenye memori. Mama aliniambia kwa furaha:

"Mwalimu, huyu wangu herufi zote anazo. Januari anaingia darasa la awali. Hebu msikilize."

Mtoto akaimba. Ei, bii, sii, dii, mpaka mwisho wa wimbo. Hakukosea hata mahali pamoja. Darasa zima likapiga makofi, nami nikapiga.

Kisha nikaandika neno moja ubaoni: baba. Nikamwuliza, "Mwanangu, hapa pameandikwa nini?"

Akatazama. Nikamwonyesha herufi ya kwanza. Akasema, "Bii." Nikamwonyesha ya pili. Akasema, "Ei." Nikamwambia aziunganishe. Akasema, "Biiei." Mwishoni ikawa biiei-biiei. Watu wakacheka. Mtoto akakimbia kujificha katika kitenge cha mama yake.

Swali lile sikupaswa kuliuliza mbele za watu. Najilaumu mpaka leo. Mtoto alikuwa amejifunza vizuri kabisa kile alichofundishwa. Mama yake hakucheka. Alimfunika mtoto kwa kitenge, akasema kwa sauti ndogo:

"Mwalimu, mimi nimesoma kisomo tu. Nilidhani simu itamfundisha vizuri kuliko mimi."

Maneno hayo nimeyasikia kwa wazazi wengi tangu siku hiyo. Ndiyo yaliyonifanya niandike somo hili.

Jina na sauti

Mfikirie mbuzi. Jina lake ni mbuzi. Lakini mbuzi akilia, hasemi "mbuzi". Anasema "mee". Jina lake ni kitu kimoja, na sauti yake ni kitu kingine.

Herufi nazo ziko hivyo. Kila herufi ina jina na ina sauti. Herufi b Waingereza huiita "bii". Wengi wetu tuliokwenda shule zamani tulifundishwa kuiita "be". Sasa funga midomo yako. Ifungue ghafla, utoe sauti fupi: b. Hiyo ndiyo sauti yake. Katika neno baba hakuna "bii", wala hakuna "be". Kuna b na a, halafu b na a tena.

Wewe mwanakisomo ulijifunza kwa silabi: ba, be, bi, bo, bu. Njia hiyo ni nzuri, maana silabi ni sauti zilizokwisha kuunganishwa. Mtoto mdogo huanza hatua moja nyuma yako. Anasikia sauti mojamoja, kisha anaziunganisha mwenyewe kuwa silabi, na silabi kuwa neno.

Lugha yetu inatusaidia sana katika jambo hili. Kiswahili kina irabu tano tu: a, e, i, o, u. Kila irabu ina sauti moja, na haibadiliki. Sauti ya a katika neno mama ni ileile katika neno shamba. Kiingereza hakiko hivyo. Humo herufi moja hutoa sauti hii hapa, na sauti nyingine pale. Ndiyo maana hata watoto wa Waingereza wenyewe huchukua muda mrefu kujua kusoma, kuliko watoto wa lugha ambazo huandikwa kama zinavyosemwa. Basi mtoto wetu akifundishwa kwa Kiswahili ana njia fupi. Akianza na wimbo wa Kiingereza, tumemzungusha njia ndefu bila sababu.

Tazama jina la mahali petu: Chitete. Mtoto yule angelisoma hivi: sii, eich, ai, tii, ii, tii, ii. Herufi zote saba anazo mdomoni, lakini Chitete hana. Katika Kiswahili herufi c haisimami peke yake. Inashikana na h, na kwa pamoja zinatoa sauti moja: ch. Kisha ch na i huwa chi. Kisha te, na te tena. Chi-te-te. Wimbo wa Kiingereza hauwezi kumfundisha jambo hilo. Tena unamfundisha herufi q na x, ambazo hatakutana nazo katika maneno ya Kiswahili.

Sisemi kwamba Kiingereza ni kibaya. Wakati wake utafika, na mtoto atajifunza. Ninasema juu ya mlango wa kuingilia.

Huko shuleni, tangu mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili umekazia Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Walimu hufundisha sauti za herufi kwanza. Basi angalia taabu ya mtoto. Mwalimu anasema b. Babu nyumbani anasema "be". Simu inasema "bii". Mtoto mmoja anapewa mambo matatu kwa herufi moja, tena kila anayempa anamwambia kuwa ndiyo sahihi.

Picha zilizotengenezwa kwa Kiswahili

Kufundisha watoto wadogo kwa picha za runinga si jambo jipya. Huko Marekani kipindi kiitwacho Sesame Street kilianza mwaka 1969, na mpaka leo watoto wanakitazama. Hapa kwetu Tanzania, mjini Dar es Salaam, kuna shirika linaloitwa Ubongo. Mwaka 2014 kipindi chao cha Ubongo Kids kilianza kuonyeshwa katika runinga. Baadaye wakatengeneza kingine kwa ajili ya watoto wadogo zaidi, kinachoitwa Akili and Me. Ndani yake kuna mtoto wa kike wa miaka minne, jina lake Akili. Anaishi na familia yake karibu na Mlima Kilimanjaro. Akilala usingizi huingia katika nchi ya ndoto, na huko anacheza na rafiki zake wanyama. Kuna nyimbo za herufi, namba, maumbo na rangi. Kinapatikana kwa Kiswahili. Kwa hiyo ukienda kujaziwa katuni Tunduma, usiseme tu "nijazie za watoto". Sema, "Nataka za Kiswahili, zinazofundisha sauti." Usione haya kusikiliza kwanza kabla ya kulipa. Hata mahindi huyanunui bila kufungua gunia.

Je, picha hizo zinafundisha kweli? Watafiti walijaribu mkoani Morogoro, wakatoa matokeo mwaka 2018. Waliwachukua watoto wadogo zaidi ya 500 katika shule. Wengine walionyeshwa Akili and Me kwa wiki kadhaa. Wengine walionyeshwa vipindi vingine. Kisha wakawapima. Waliotazama Akili and Me waliwashinda wenzao katika kutambua tarakimu, kuhesabu, kujua maumbo na kuchora. Basi hatuwezi kusema kuwa katuni ni upuuzi mtupu.

Jaribio kubwa zaidi lilifanyika mkoani Tanga, kuanzia mwaka 2017 mpaka 2019. Watoto karibu 3,000, katika vijiji karibu 170, walipewa vishikwambi. Vishikwambi ni vile vibao kama walivyobeba makarani wa sensa mwaka 2022. Wengi wa watoto hao hawakuwa wamewahi kwenda shule. Ndani ya vishikwambi kulikuwa na masomo ya Kiswahili: sauti, silabi, maneno na hadithi. Vilichajiwa kwa umeme wa jua. Mwanzoni, zaidi ya watoto 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu.

Wengine husoma habari hiyo wakafurahi. Mimi nilifurahi, kisha nikakaa nikafikiri. Kama idadi ilipungua kwa nusu, basi nusu nyingine walibaki palepale. Walikuwa na kishikwambi mkononi kwa miezi 15, na bado hawakuweza kusoma neno. Watoto hao walihitaji kitu kingine ambacho kishikwambi hakina.

Redio ya mwaka 1973

Wazee wetu wanakijua kitu hicho. Muulize mzee wa miaka sabini na zaidi juu ya Mtu ni Afya. Mwaka 1973 Redio Tanzania ilitangaza masomo ya afya kwa wiki 12. Watu karibu milioni 2 walishiriki nchi nzima. Nia ilikuwa kuzuia magonjwa kama malaria, kichocho na kuhara.

Sasa angalia jinsi walivyofanya. Watu walikusanyika katika vikundi. Walisikiliza kipindi. Kipindi kikaisha, redio ikazimwa. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kiongozi wa kikundi alifungua kijitabu, akauliza: Je, sisi hapa tuna jambo hili? Tutafanya nini? Watu wakajibishana. Siku ya pili wakachukua majembe, wakachimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Redio peke yake haikuchimba choo hata kimoja.

Miaka mingi baadaye, huko Zanzibar, yalianzishwa masomo ya redio kwa watoto wa chekechea, yaliyoitwa Tucheze Tujifunze. Humo sauti ya redioni huuliza swali, kisha hunyamaza kidogo. Ukimya huo si kuharibika kwa redio. Umewekwa makusudi ili watoto wajibu. Penye watoto kuna mtu mzima anayewaongoza.

Picha nyingi za simu hazinyamazi. Zinakwenda mbio, wimbo juu ya wimbo, na rangi zinazong'aa. Hata zile zinazonyamaza hazisikii jibu. Mtoto akisema "lafiki" badala ya rafiki, katuni itamwambia "Vizuri sana!" na kuendelea. Katuni haina masikio. Wewe unayo.

Tulivyofanya na yule mama

Nilirudi kwa yule mama wiki ya pili. Nilimkuta anachambua maharage. Baba wa mtoto naye alikuwapo, na hakufurahi sana kuniona.

"Mwalimu," akasema, "simu hii ni ya kazi. Natafutia bei ya mahindi. Mkiicheza mchana, jioni haina moto, na kuchaji ni hela."

Alikuwa na haki. Tukapatana dakika tano kwa siku, jioni, baada ya yeye kurudi. Nilimwambia kuwa dakika tano zinatosha, na kweli zilitosha.

Kwanza tuliziacha nyimbo za Kiingereza. Tukatafuta picha ya Kiswahili inayotoa sauti moja tu kwa wakati. Tulianza na m. Kwa nini m? Kwa sababu inavutika. Unaweza kuisema mpaka pumzi iishe: mmmmm. Sauti nyingine zinazovutika ni s, l, n, f na z. Sauti kama b, k, p na t hazivutiki. Zinakatika mara moja, na ukizilazimisha utaziongezea mkia, ukasema "bu" au "ke". Mtoto akishika mkia huo, neno kaka litakuwa "keakea". Basi hizo zisubiri.

Yule mama alitazama picha peke yake kwanza, usiku, mtoto akiwa amelala. Hili ni jambo la lazima. Mwalimu hasomi kitabu kwa mara ya kwanza mbele ya wanafunzi. Kesho yake wakakaa mkekani, mama na mtoto, simu katikati. Picha ikatoa sauti m, mara mbili. Mama akabonyeza kioo, pale penye vijiti viwili vilivyosimama. Picha ikasimama. Akamwuliza mtoto:

"Umesikia nini?"

Mtoto akanyamaza. Mama akataka kumjibia. Nikamwashiria angoje. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunauliza, kisha tunajibu wenyewe kabla mtoto hajavuta pumzi. Hesabu kimoyomoyo mpaka tano. Mama akahesabu. Mtoto akafunga midomo, akasema, "Mmmmm."

"Tafuta kitu hapa nyumbani chenye mmm mwanzoni."

Mtoto akatazama huku na huku. "Maji," akasema. Kisha "moto". Kisha "mahindi". Kisha akamtazama mama yake, akacheka, akasema, "Mama!" Baba, aliyekuwa amekaa pembeni akijifanya hasikii, akasema, "Na muhogo je?"

Wakaendelea kwa Kinyamwanga pia. Nilimwambia mama asimkataze. Sauti m ni m katika Kiswahili na katika Kinyamwanga, na sikio la mtoto hujifunza kwa lugha inayomtoka kwa urahisi.

Mwisho mama akasawazisha majivu chini, akaandika m kwa kidole. Mtoto akafuatisha juu yake, akitoa sauti huku anaandika. Simu ilikuwa imekwisha kuzimwa zamani. Dakika tano za picha zilizaa karibu nusu saa ya kazi, na nusu saa hiyo haikula moto wa simu wala bando.

Baada ya siku mbili wakaongeza a. Picha ikasimamishwa, mama akaweka kidole kwenye m, akavuta: mmmm, akasogeza kidole kwenye a bila kukata pumzi: mmmmaaa. Ma. Kuunganisha ndiko kugumu kuliko yote. Mtoto anaweza kujua m, akajua a, na bado asijue kuwa zikikutana zinakuwa ma. Usikasirike. Rudia kesho. Usikate pumzi katikati, ndiyo siri yenyewe.

Kisha wakaongeza s, na i, na l, na u. Mama alikata boksi la sabuni vipande vidogo, akaandika herufi kwa mkaa. Wakapanga maneno mkekani: mama, sasa, lala, lima, simu, salamu. Siku walipopanga neno simu, mtoto aliichukua simu ya baba yake, akaiweka juu ya neno.

Mahali ambapo picha ilitusaidia kuliko sisi

Lazima niseme ukweli. Katika sauti l, yule mama alikuwa na shida, nami pia ninayo. Wengi wetu huku tunachanganya l na r. Tunasema "lafiki", tunasema "kuludi". Sasa tutamfundishaje mtoto kitu ambacho ulimi wetu wenyewe unakikataa?

Hapo picha ilikuwa mwalimu wetu sote. Tulisikiliza l, tukasimamisha, tukajaribu. Tukasikiliza r, tukajaribu. Katika l ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno ya juu na kukaa. Katika r inapigapiga upesi. Chukua kioo kidogo, tazama mdomo wako mwenyewe. Usitazame mdomo wa katuni. Mdomo wa katuni umechorwa tu, unafunguka na kufunga bila ulimi ndani.

Vivyo hivyo kwa sauti dh, th na gh, katika maneno kama dhahabu, thamani na ghala. Sauti hizi zimeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na wengi wetu hatukuzaliwa nazo. Ziacheni mpaka mwisho. Siku mtakapozifikia, sikilizeni mtoto na mzazi pamoja. Hakuna aibu mzazi kujifunza mbele ya mwanawe.

Mkiwa wengi na simu ni moja

Kioo cha simu ni kidogo. Watoto kumi hawawezi kukitazama. Wawili wa mbele wataona, wanane wa nyuma watasukumana. Waiteni wanne wanne. Wengine wakati huo waandike chini au wapange vipande vya boksi. Kama sauti haitoshi, weka simu ndani ya bakuli au sufuria tupu. Sauti itakuwa kubwa zaidi.

Asiye na simu ya kupangusa asikate tamaa. Sauti za herufi unaweza kuzitoa kwa mdomo wako, kama wazazi walivyofanya kabla ya simu kuja. Mwenye kitochi chenye redio na memori anaweza kupata nyimbo za herufi bila picha.

Tahadhari ni chache. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya picha za simu au runinga. Mwenye miaka miwili mpaka minne asizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni heri zaidi. Anahitaji kukimbia, kucheza na kulala. Jambo la pili, ukiwa na bando, picha moja ikiisha simu huleta nyingine yenyewe bila kuuliza. Ya kwanza inafundisha sauti, ya tatu inaonyesha watu wanapigana. Ndiyo maana napenda memori kuliko bando. Kwenye memori kuna kile ulichokiweka tu. Na usimwachie mtoto simu ili akuache ufanye kazi, kisha ukasema anasoma. Siku nyingine utamwachia kwa sababu umechoka, nasi sote hufanya hivyo, lakini siku hiyo usiihesabu kuwa ya masomo.

Ilipofika Januari

Yule binti aliingia darasa la awali. Hakuwa na herufi zote, kama mama yake alivyojivunia mwanzoni. Alikuwa na sauti nane tu: a, e, i, o, u, m, s na l. Wimbo wa ei-bii-sii bado aliuimba akichota maji, na hakuna aliyemkataza.

Siku moja nilipita nyumbani kwao. Safari hii hapakuwa na watu wa kucheka. Niliokota kijiti, nikaandika chini neno ambalo sikuwa nimemwona akilisoma: ulimi. Nikanyamaza, nikahesabu kimoyomoyo. Aliinama. Kidole chake kikaenda polepole juu ya vumbi. "Uuu... lllii... mmmii." Akarudi mwanzo, akasema upesi zaidi. Kisha akaniangalia, akatoa ulimi wake nje mpaka kidevuni.

Mama yake akaja mbio na mwiko mkononi, akidhani mtoto ananikosea adabu.

Maswali ya kujadiliana

Kwa nini mtoto aliyeimba wimbo wote hakuweza kusoma neno baba?

Redio ya Mtu ni Afya na simu ya siku hizi zinafanana kwa jambo gani? Waulizeni wazee wenu waliokuwa katika vikundi vya mwaka 1973.

Baba wa mtoto alikuwa na hoja juu ya simu yake. Ninyi mngepatana naye vipi?

Kazi ya kufanya

Kata vipande nane vya boksi. Andika a, e, i, o, u, m, s, l. Panga maneno mengi kadiri uwezavyo, uyaandike katika daftari lako. Katika somo hili mmekwisha kuona mama, sasa, lala, lima, simu, salamu na ulimi. Yako mengine mengi. Kisha tafuta mtoto mmoja, wako au wa jirani, umtolee sauti ya m. Usimjibie. Hesabu mpaka tano.